Hati Kabla ya Kuta: Kijana na Nyumba ya Kwanza ya Kupangisha Butembo na Beni

Katika miji ya Butembo na Beni, inayounganishwa na kilomita zipatazo 54 za barabara ya taifa namba 2 mkoani Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kijana anayeanza kupata faida dukani, katika udereva, au katika biashara ya kakao na kahawa hushauriwa na wazee wake anunue parsela, yaani kiwanja cha kujengea mjini, kisha aweke juu yake nyumba ya kupangisha, au anunue iliyokwisha kujengwa. Ushauri huo una mizizi mirefu na mara nyingi ni mwema, lakini hutolewa na watu waliojenga wakati ambapo neno la jirani lilitosha kuwa ushahidi, ilhali leo mashauri mengi yanayowafikisha ndugu na majirani mahakamani ni ya viwanja. Makala haya yanaeleza hatua ambazo mwekezaji chipukizi anapaswa kuzipitia, na yanatetea hoja moja, kwamba hati itafutwe kabla ya kuta kupendwa, na miezi isiyo na mpangaji ihesabiwe kabla ya miezi ya mapato.

Kwa nini nyumba ikawa benki

Mapenzi ya nyumba katika eneo hili yanaeleweka kwa anayeijua historia ya fedha nchini. Mwezi Desemba 1979 serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iliziondoa ghafla katika mzunguko noti za zaire 5 na 10, na watu wengi waliokuwa wameweka akiba majumbani wakabaki na karatasi zisizonunua kitu. Mwaka 1993, katikati ya mfumuko mkubwa wa bei, ikaletwa zaire mpya, na mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, ambayo nayo ilipoteza thamani haraka katika miaka ya vita. Aliyeweka akiba katika noti za nchi alipoteza, na aliyeiweka katika matofali alibaki na kitu ambacho watoto wake wangeweza kuishi ndani yake au kukipangisha. Ndiyo maana hadi leo bei ya nyumba na pango, yaani malipo ambayo mpangaji humpa mwenye nyumba kila mwezi, kwa kawaida hutajwa kwa dola za Marekani, ingawa wapangaji wengi hupata riziki yao kwa faranga.

Sababu ya pili ni mahitaji yenyewe. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, wengi wao wakiwa Wanande, ambao pia hujiita Wayira, na bidhaa zao hupitia mpaka wa Kasindi zikitoka Uganda, Mombasa, Dubai na China. Biashara hiyo huhitaji maduka, ghala na vyumba vya wafanyakazi. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989 kwa juhudi za Askofu Emmanuel Kataliko, pamoja na vyuo vilivyokifuata katika miji yote miwili, vimeleta wanafunzi wanaotafuta chumba kila mwaka wa masomo unapoanza. Zaidi ya hayo, mashamba ya nyanda za juu za Lubero yamekuwa madogo kwa sababu ya wingi wa watu, na mauaji yaliyoanza kuikumba Beni na vijiji vyake Oktoba 2014 yamewasukuma wakulima wengi kuingia mjini, kwa hiyo wanaotafuta paa la kujisitiri hawakosekani, japo wanaoweza kulipa pango bila kuchelewa si wengi kwa kiwango hichohicho.

Ardhi ni ya Serikali, haki ni ya mwenye cheti

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulielewa ni kwamba nchini Kongo udongo wenyewe hauuzwi. Sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa na Sheria namba 80-008 ya tarehe 18 Julai 1980, inatamka kuwa ardhi yote ni mali ya Serikali peke yake, na kwamba raia hupewa haki ya kuitumia, ambayo huitwa konsesio. Haki hiyo ni ya aina mbili: konsesio ya kudumu, ambayo haina kikomo cha miaka na hutolewa kwa mtu binafsi mwenye uraia wa Kongo tu, na konsesio ya kawaida, ambayo hutolewa kwa muda maalumu, kama miaka 25 inayoweza kuongezwa, na ambayo yaweza kupewa hata kampuni au mgeni. Jengo lililosimama juu ya ardhi laweza kuwa mali ya mtu, lakini nguvu ya umiliki huo hutegemea haki aliyonayo juu ya kiwanja.

Uthibitisho kamili wa haki hiyo ni cheti cha usajili, yaani hati inayotolewa na konsevateri, ambaye ni ofisa wa Serikali anayetunza daftari la hati za ardhi na majengo. Sheria inaeleza kuwa haki ya kutumia kiwanja husimama kisheria kwa cheti hicho, na kwamba miaka miwili ikishapita tangu kitolewe, kwa kanuni hakiwezi tena kupingwa ili kifutwe, bali anayedai kudhulumiwa hubaki na njia ya kuomba fidia tu. Kanuni hiyo humlinda aliyesajili mapema, lakini ni hatari kwa aliyenunua akaifungia karatasi ya mauzo sandukuni, kwa sababu mtu mwingine akitangulia kupata cheti cha kiwanja kilekile, wakati hugeuka kuwa wakili wa huyo mwingine.

Upande wa mila nao haupuuzwi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa mujibu wa sheria au wa desturi, na pembezoni mwa miji hii bado kuna viwanja vilivyogawiwa na machifu wa ardhi au na koo kabla mji haujavifikia. Hata hivyo, agizo la Rais ambalo sheria ya 1973 ililiahidi, ili lipange haki za jamii juu ya ardhi za kimila, halikutolewa, na pengo hilo limewaacha wanunuzi wengi kati ya chifu anayesema ametoa na ofisi inayosema haijatoa. Anayenunua kiwanja cha namna hiyo anapaswa kupata kwanza ridhaa ya ukoo na ya chifu kwa maandishi, kisha aifuate njia ya Serikali hadi mwisho, kwa maana upande mmoja peke yake haumpi amani.

Ngazi ya karatasi

Karatasi ambayo wanunuzi wengi huishia nayo ni ile ya mauzo, na inafaa itazamwe kwa karibu. Kwa kawaida ni ukurasa mmoja au miwili: juu yameandikwa majina ya muuzaji na mnunuzi, katikati vipimo vya kiwanja, kwa mfano mita 20 kwa 25, pamoja na majina ya majirani wa pande zote nne, kisha bei kwa tarakimu na kwa maneno, na chini sahihi za mashahidi wa kila upande, zikifuatiwa na sahihi na muhuri wa shefu wa kata. Karatasi hiyo ina thamani kubwa kama ushahidi kwamba fedha zilitolewa mbele ya watu, lakini muhuri wa shefu wa kata hauumbi haki ya ardhi, wala haumwondoi muuzaji katika daftari la konsevateri.

Kwa hiyo ngazi hupandwa hatua kwa hatua. Mnunuzi huanza kwa kumwomba muuzaji cheti cha usajili au mkataba wake na Serikali, kisha huenda mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi kuuliza kama nambari ya hati hiyo imo daftarini, kama jina ni lilelile, na kama kiwanja hakijawekwa rehani, yaani hakijatolewa kuwa dhamana ya mkopo. Baadaye humwita mpimaji wa kadasta, ambayo ni idara inayotunza ramani na vipimo vya viwanja, ili aangalie mawe ya mpaka mbele ya majirani. Jirani anayekataa kufika siku hiyo amekwisha kusema jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulisikiliza. Baada ya hapo mauzo huandikwa mbele ya mthibitishaji wa Serikali, ambaye katika Kifaransa cha ofisini huitwa noteri, ndipo konsevateri hufanya mabadiliko ya jina, cheti cha zamani kikafutwa na kipya kikatolewa kwa jina la mnunuzi. Gharama za safari hiyo zinapaswa kuingia katika bei tangu mwanzo, kwa sababu wengi hukwama hapo wakiwa wameshamaliza fedha zao kwa muuzaji.

Swali gumu zaidi ni nani hasa anayeuza. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inadai makubaliano ya mume na mke wote wawili katika kuhamisha jengo la ndoa, na nyumba iliyoachwa na marehemu ni ya warithi wote, wa kike kwa wa kiume, hadi watakapogawana. Kaka mkubwa anayeuza peke yake huuza kisicho chake. Yeyote anayepita katika kata za miji ya Kongo hukutana na kuta zilizoandikwa kwa rangi, kwa herufi kubwa, kwamba nyumba hii haiuzwi. Maandishi hayo huwekwa na wenye nyumba wanaohofia matapeli, au na warithi wanaohofiana wao kwa wao, na kwa mnunuzi makini ni somo la wazi kwamba familia nzima inapaswa kukaa, kuandika muhtasari wa kikao na kutia sahihi kabla ya dola ya kwanza kutoka mfukoni. Komisioneri, ambaye ni dalali anayewakutanisha muuzaji na mnunuzi, ni msaada katika kutafuta, lakini yeye hulipwa biashara inapokamilika, kwa hiyo si yeye wa kuulizwa kama biashara hiyo ni salama.

Hesabu ya pango

Baada ya hati hufuata hesabu, na hapa mfano wa kukisia tu unatosha kuonyesha njia. Ichukuliwe kwamba kijana amenunua nyumba ndogo kwa dola 12,000 pamoja na gharama zote za hati, na kwamba anaipangisha kwa dola 80 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima pango ni dola 960, sawa na asilimia 8 ya mtaji, na wengi huishia hapo wakifurahi. Lakini nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja, zinabaki dola 880. Kodi ya mapato ya pango, ambayo ni kodi ya mkoa na ambayo kiwango chake cha kawaida katika sheria ni asilimia 22 ya pango ghafi bila kutoa gharama, huondoa karibu dola 194. Na iwapo mabati, milango na choo vitakula dola 120, mwenye nyumba hubaki na dola zipatazo 566. Hiyo ni chini kidogo ya asilimia 5 ya mtaji, na kwa mwendo huo fedha yake itarudi baada ya miaka 21.

Hesabu hiyo haimkatazi mtu kununua, kwa kuwa nyumba huweza kupanda thamani na huwalinda watoto, lakini inaonyesha kwa nini mkopo ni hatari kwa anayeanza. Kama kijana huyo angekopa nusu ya fedha, dola 6,000, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, riba peke yake ingekuwa dola 120 kila mwezi, na pango la dola 80 lisingeifikia hata katika mwezi mzuri kuliko yote. Mtu anayekopa anapaswa kuwa na chanzo kingine cha mapato kinacholipa deni bila kuitegemea nyumba.

Njia inayowafaa wengi ni ile ambayo wakazi wa kawaida wa miji hii wameifuata tangu zamani, yaani kujenga kidogo kidogo. Kijana hununua kiwanja chenye hati safi kwa akiba yake, au kwa zamu yake katika likelemba, ambayo ni chama cha watu wanaochangishana fedha na kupokezana. Hujenga aneksi, yaani vyumba viwili au vitatu vya nyuma, kwa matofali ya kuchoma na saruji inayoingia kutoka Uganda kupitia Kasindi. Huishi katika kimoja na kupangisha vingine, huku pango likinunua polepole vifaa vya nyumba ya mbele. Faida yake kubwa ni kwamba makosa ya mwanzo huwa madogo, na mwenye nyumba hujifunza kazi ya kuishi na wapangaji kabla hajawa na wapangaji wengi. Msemo wa wahenga kwamba mali bila daftari hupotea bila habari unafaa kuandikwa kwenye jalada la daftari lake, ambamo kila pango, kila msumari na kila risiti ya kodi huingizwa siku ileile.

Mahali na nyakati

Kiwanja kizuri kwenye karatasi chaweza kuwa kibaya ardhini. Butembo imejengwa juu ya vilima, na mvua kubwa huchimba makorongo katika miteremko isiyo na mitaro, huku mabonde kama lile la mto Kimemi yakijaa maji. Kwa hiyo kiwanja hutembelewa wakati wa mvua, si wakati wa jua. Beni nayo imepakana na Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na mgogoro wa muda mrefu wa Mayangose kati ya wakazi na mamlaka ya hifadhi unatosha kumwonya mnunuzi kwamba ardhi iliyo ndani ya mpaka wa hifadhi haina muuzaji halali, hata bei yake ikivutia namna gani. Vilevile, ujenzi wa barabara za Kasindi hadi Beni na Beni hadi Butembo, uliozinduliwa Juni 2021 kwa ushirikiano wa Kongo na Uganda, unaongeza thamani ya viwanja vya kando, lakini anayejenga ndani ya eneo la barabara hujenga cha kubomolewa. Katiba na sheria ya tarehe 22 Februari 1977 kuhusu kutwaa mali kwa manufaa ya umma zinaahidi fidia ya haki, na asiye na hati ndiye hupata tabu zaidi kuidai.

Nyakati pia huhesabiwa. Wakati wa mlipuko wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, mashirika yaliyokuja kupambana na ugonjwa yalihitaji nyumba na ofisi Beni na Butembo, kisha yakaondoka. Vivyo hivyo, Goma, makao makuu ya mkoa, ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, serikali ya mkoa ilihamishia shughuli zake Beni, ikaja na maofisa wanaohitaji malazi. Mpangaji aliyeletwa na dharura huondoka nayo, kwa hiyo bei ya kununulia isikadiriwe kwa pango la wakati wa dharura, bali kwa lile ambalo mwalimu, muuguzi, mwanafunzi au muuza duka wa palepale anaweza kulilipa katika mwaka wa kawaida.

Mpangaji ni mtu mwenye haki

Anayenunua nyumba ya kupangisha huingia pia katika uhusiano unaoongozwa na Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangaji. Sheria hiyo inaweka kikomo cha garanti, yaani fedha ambayo mpangaji huweka kwa mwenye nyumba anapoingia na ambayo hurudishiwa anapotoka: haizidi pango la miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi, na miezi sita kwa nyumba ya biashara. Garanti ni amana, hivyo bayeri, kama mwenye nyumba anavyoitwa hapa, anayeila siku ya kwanza kana kwamba ni faida hulazimika kuitafuta siku ya mwisho, na hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Mkataba wa maandishi, risiti ya kila mwezi, na karatasi inayoeleza hali ya nyumba, ikihesabu milango, kufuli, vioo na balbu, husainiwa na pande zote mbili kabla mpangaji hajaingiza kitanda chake.

Katika miji ambayo familia nyingi zimekimbia vijiji vyao zikiwa na watoto na magodoro tu, sheria peke yake haitoshi. Kupandisha pango ghafla kwa sababu wakimbizi wa ndani wamefika, au kung'oa mabati ili mpangaji aliyechelewa atoke, ni dhuluma inayoharibu jina la mwenye nyumba katika mtaa ambao atauhitaji siku yake ya shida. Kumwondoa mpangaji asiyelipa kuna njia yake, inayoanza na notisi ya maandishi na kuishia kwa hakimu, na mwenye mkataba na risiti ndiye anayeweza kuifuata njia hiyo bila hofu.

Vijana wa Butembo na Beni wana haki ya kutamani nyumba, na miji hii inazihitaji nyumba zao. Ombi kwao ni kwamba wasione aibu kuuliza, kurudi ofisini mara ya tatu, na kuacha biashara nzuri ambayo hati yake haionekani; na ombi kwa wazee na mashefu wa kata ni kwamba wasitie muhuri juu ya mauzo ambayo familia ya muuzaji haikuyakubali. Mnunuzi asiyeliona jina la muuzaji katika daftari la konsevateri, wala hana ridhaa ya familia kwa maandishi, asitoe fedha.